Uzio unaovuja bado umesimama, usiovuja ulipasuka: tujadili kuta za Israel kwa ramani, si kwa ushabiki

Mchora Ramani

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa Israel na Palestina humu ndani ukifika ukurasa wa pili unageuka Simba na Yanga. Huu naomba usifike huko. Sitaki tubishane nani alipewa ardhi tangu enzi za manabii. Nataka tuangalie kitu kinachoshikika kwa mkono, yaani vizuizi vilivyojengwa kuwatenga hawa watu, tujiulize vimeugeuza vipi mgogoro wenyewe.

Nianze na kinachonisumbua. Uzio wa Ukingo wa Magharibi ulianza kujengwa mwaka 2002 na mpaka leo haujaisha. Karibu theluthi moja ya njia iliyopangwa haijajengwa, na watu wanapenya. Uzio wa Gaza ulikamilika kabisa, juu ya ardhi na chini yake, ulikuwa na kamera, rada, na bunduki zilizofyatuliwa kwa rimoti na askari aliyekaa chumbani. Upi ulipasuka Oktoba 7, 2023, Hamas wakavamia, watu kama 1,200 wakauawa ndani ya siku moja? Huo uliokamilika.

Historia kidogo, nitajitahidi nisiwachoshe. Wazo la kutenganisha si la Ariel Sharon, waziri mkuu wa Israel ujenzi ulipoanza 2002. Uzio wa Gaza ulianza kujengwa katikati ya miaka ya 1990, kipindi kilekile cha mikataba ya Oslo kati ya Israel na Wapalestina, ambacho tunakikumbuka kama kipindi cha amani. Ukingo wa Magharibi ukasubiri. Ikaja Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina, mwaka 2000, mabasi na migahawa ikawa inalipuliwa, na Machi 27, 2002 mtu akajilipua katika hoteli ya Park mjini Netanya, watu wakiwa mezani kwenye karamu ya Pasaka ya Kiyahudi. Walikufa 30. Juni mwaka huohuo serikali ikapitisha ujenzi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Waliokuwa na wasiwasi na ukuta huu kule Israel walikuwa ni mrengo wa kulia. Walowezi, yaani Waisraeli waliojenga makazi ndani ya Ukingo wa Magharibi, walipiga kelele, Sharon mwenyewe alikuwa mzito. Hoja yao ilikuwa na akili: ukichora uzio umechora mpaka, na mlowezi atakayebaki ng'ambo ameshaambiwa kwa adabu aanze kufunga mizigo. Walioutaka zaidi walikuwa watu wa chama cha Labour.

Wananchi walipoibana serikali mpaka ikakubali, vita ikahamia kwenye njia: upite wapi? Mstari wa Kijani, ule wa kusitisha mapigano wa 1949, una kama kilomita 320. Njia ya uzio iliyopangwa ina kama kilomita 712. Mnaona hesabu hiyo? Uzio umekuwa mrefu mara mbili ya mstari unaodaiwa kuulinda, kwa sababu unapinda na kuingia ndani kuyafuata makazi ya walowezi. Asilimia 85 hivi ya njia hiyo imo ndani ya Ukingo wa Magharibi. Kwenye mpango, kuna kidole kinachoingia karibu kilomita 20 kwenda kuuchukua mji wa Ariel. Wale walioogopa kuchorewa mpaka ndio wakaishia kushika kalamu.

Karibuni. Gaza nitaigusa baadaye, ni ndefu.

---

Kaza Buti

Mleta mada umeandika vizuri lakini unazunguka sana. Swali ni dogo tu: milipuko ya kujitoa mhanga ilipungua au haikupungua? Mwaka 2002 mzazi alikuwa anaogopa kumpandisha mtoto basi. Miaka mitano baadaye watu wanakunywa kahawa Tel Aviv bila wasiwasi. Ukiwa mzazi wa Netanya utahangaika na uzio umepinda wapi?

Na kama hamtaki mfano huo, nendeni mpaka wa Israel na Misri kule Sinai. Mwaka 2011 waliingia wahamiaji zaidi ya 17,000, wengi Waeritrea na Wasudani. Uzio ukakamilika 2013, mwaka huo hawakufika hata 50. Ukuta unafanya kazi. Mengine ni siasa.

---

Mchora Ramani

Kaza Buti, milipuko ilipungua, na uzio ulichangia. Kwenye hilo hatuna ugomvi. Tuangalie ulichangia vipi.

Kutoka Qalqilya, mji wa Wapalestina, mpaka Kfar Saba ya Israel ni mwendo wa miguu. Kabla ya uzio, mtu anavaa mkanda wake wa mabomu nyumbani na baada ya muda mfupi yuko sokoni kwa Waisraeli. Uzio ulipowekwa ikabidi azunguke kutafuta upenyo, atafute dereva, atafute wa kumlaza usiku. Kila mtu anayeongezeka kwenye mnyororo ni mtu ambaye Shin Bet, idara ya usalama wa ndani ya Israel, wanaweza kumnasa au kumnunua. Kazi ya uzio ilikuwa kuchelewesha. Aliyekamata alikuwa mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine alikuwa kazini pande zote mbili. Jeshi liliingia tena Jenin, Nablus na miji mingine ya Wapalestina mwaka 2002, na misako ya usiku haijakoma tangu hapo. Mwaka 2005 Hamas na makundi mengine walikubali kutuliza mambo kwa muda. Baada ya 2007 vikosi vya Mahmoud Abbas, rais wa Mamlaka ya Palestina, navyo vikawa vinashirikiana na Israel kuwasaka wapiganaji. Toa hayo yote, uache seng'enge peke yake, uone.

Ushahidi wangu ni matundu. Miaka yote hiyo vibarua kwa maelfu walipita kwenye uzio uliokatwa kwenda kujenga maghorofa ya Waisraeli bila kibali, na askari waliwaona. Mkandarasi anahitaji mikono, na ofisa wa usalama anajua kijana anayerudi Jumamosi na mshahara mfukoni ana cha kupoteza. Tundu lilikuwa sera. Kasoro yake ikaonekana mwaka 2022: Machi huko Bnei Brak, Aprili mtaa wa Dizengoff mjini Tel Aviv, washambuliaji wote wawili walitoka eneo la Jenin wakapenya. Ndipo serikali ikaanza kung'oa uzio wa upande wa kaskazini na kuweka ukuta wa mita 9.

Mfano wa Sinai nauchukua mimi, asante. Kwanza haukuwa uzio tu, kulikuwa na sheria ya 2012 ya kuwaweka kizuizini wanaoingia bila kibali. Pili, Mwaeritrea alikuwa anatafuta pa kuishi popote. Njia ilipofungwa akageukia Libya na bahari. Mkulima wa Qalqilya hana Libya ya kugeukia. Shamba lake ndilo liko ng'ambo ya uzio.

---

Msafiri wa Moshi

Mimi si mtu wa siasa, nilikwenda hija na kundi la parokia mwaka 2017. Niseme nilichokiona.

Tulilala Bethlehemu. Kutoka Yerusalemu ni karibu mno, ukianza kusali rozari basini hujaimaliza umefika. Unaukuta ukuta wa zege umesimama karibu na kaburi la Raheli, mrefu kuliko nyumba zilizo jirani, upande wa Bethlehemu umejaa michoro na maandishi ya rangi. Askari alipanda basini, binti mdogo tu, akatazama pasipoti mbili tatu za mbele akashuka. Hatukumaliza dakika tano.

Kesho yake niliamka alfajiri, usingizi ulinikatika, nikatembea na mlinzi wa hoteli mpaka kwenye kile kituo cha ukaguzi wanachokiita 300. Jamani. Wanaume mamia kwa mamia, giza bado, wamebanana kwenye ujia mwembamba, ukuta upande mmoja na nondo upande mwingine, na juu nondo. Wengine wanapanda juu ya nondo kutambaa ili wawaruke wenzao. Kila mmoja na mfuko wa plastiki wa chakula. Pembeni wauza chai na mikate ya ufuta wako na mikokoteni yao, biashara imechangamka. Mwisho kuna geti la chuma la kuzunguka, linapitisha watu wachache linagoma, linapitisha linagoma. Mlinzi aliniambia kazi inaanza saa moja asubuhi lakini wanafika pale saa tisa usiku, na hao ndio wenye vibali halali.

Padri aliyetuongoza alikuwa ametuambia Wakristo wa Bethlehemu wengi hawajawahi kwenda kaburi takatifu Yerusalemu kwa kukosa kibali. Mimi nimetoka Moshi nimefika.

---

Baba Naima

Asante Msafiri. Hicho ndicho mleta mada anakichelewesha. Watu wanahesabu mabomu yaliyozuiwa, hawahesabu maisha yaliyokatwa vipandevipande.

Mwangalie mkulima aliyebaki na nyumba upande huu na mizeituni upande ule. Eneo lililobanwa kati ya uzio na Mstari wa Kijani limefungwa kijeshi. Ili aingie shambani kwake anaomba kibali, anathibitisha umiliki kwa hati za ardhi, nyingine za enzi za Waturuki. Akipewa, anasubiri getini. Askari wanakuja na gari, wanafungua kwa muda mfupi asubuhi, wanafunga, wanarudi jioni. Mpaka 2023 mageti mengi yalikuwa yanafunguliwa wakati wa mavuno tu, Oktoba na Novemba. Sasa mzeituni unataka kupaliliwa na kupogolewa mwaka mzima. Mtu akikosa kuhudumia mavuno yanashuka, mavuno yakishuka anaacha, akiacha miaka kadhaa ardhi inaitwa pori. Hakuna risasi iliyopigwa na shamba limekwenda.

Au chukueni Kafr Aqab, na kambi ya wakimbizi ya Shuafat. Ziko ndani ya mipaka ya manispaa ya Yerusalemu kama Israel inavyoihesabu, wakazi wengi wana kitambulisho cha Yerusalemu, wanatozwa kodi ya manispaa, lakini ukuta umepita upande wa pili na kuwaacha nje. Gari la taka haliji inavyotakiwa, polisi haji ila kwa msako, na Mamlaka ya Palestina hairuhusiwi kukanyaga. Maghorofa yanaota bila mpango, yanabanana. Na watu wanakwenda kupanga huko kwa makusudi, kwa sababu ukihamia Ramallah unaweza kunyang'anywa kitambulisho cha Yerusalemu. Uliwahi kuona wapi watu wanakimbilia mahali pasipo na serikali ili wasifutwe kwenye daftari?

---

Kaza Buti

Baba Naima hizo shida nazikubali, lakini anayewekwa foleni yuko hai, na aliyelipuliwa kwenye basi amekwenda. Shida ya foleni inaweza kutatuliwa.

---

Mwana Mvita

Yakhe, itatatuliwa na nani? Mimi niliyesomea sheria nitawaambia kwa kifupi.

Julai 9, 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitoa maoni ya ushauri kwamba ujenzi ndani ya ardhi iliyokaliwa ni kinyume cha sheria ya kimataifa, na uliojengwa ubomolewe. Majaji 14 kwa 1. Haukubomolewa. Ila siku tisa kabla ya hapo Mahakama Kuu ya Israel yenyewe, chini ya jaji Aharon Barak, ilikuwa imeshatoa hukumu ya kijiji cha Beit Sourik. Yeye hakusema uzio ni haramu. Alisema jeshi lina haki ya kuujenga kwa usalama, lakini madhara kwa mwanakijiji yasizidi faida ya usalama, na kwa kipimo hicho akafuta kama kilomita 30 za njia.

Hukumu ile nzuri ilikuwa na makali pande mbili. Wanakijiji wakapata mlango wa mahakama: kijiji cha Bil'in walishinda 2007, baada ya kuandamana kila Ijumaa tangu 2005 na kupigwa mabomu ya machozi kila Ijumaa, na uzio ukasogezwa kweli mwaka 2011. Sehemu ya mashamba ikarudi. Lakini mjadala mzima ukawa wa mita: usogee mita mia tano huku, mia mbili kule. Swali la kwa nini upo hapo kabisa likatoka mezani, na kila palipohukumiwa pakawa pamehalalishwa.

Kuna kesi moja naipenda kuliko zote, ya upande wa Azzun, mwaka 2006. Ilibainika kwamba njia pale iliwekwa kwa kuzingatia mpango wa kupanua makazi ya walowezi ya Zufin, na serikali haikuwa imeiambia mahakama. Majaji walikasirika, wakaamuru kipande kile kiondolewe. Basi Kaza Buti, usituambie ni usalama mtupu. Mahakama yao wenyewe iliwakamata.

---

Mchora Ramani

Mwana Mvita umenisaidia. Sasa Gaza.

Tofauti ya kwanza ni njia. Uzio wa Gaza unafuata mstari wa 1949, haukuchukua ardhi ya mtu ng'ambo ili kuwafuata walowezi, na mwaka 2005 Israel iliwaondoa walowezi wake wote na jeshi likatoka ndani. Kwa mantiki ya kawaida pale ndipo ungefanya kazi vizuri zaidi. Na kwa kweli mtu wa kujilipua kutoka Gaza alikuwa nadra. Ila tangu 2001 walishaanza kurusha roketi za kienyeji za Qassam. Roketi haina haja na geti. Israel ikajibu kwa kujenga dari, mfumo wa kutungua roketi wa Iron Dome, ulioanza kazi 2011. Juu pakazibwa, lakini chini walishaanza kuchimba.

Fuateni mnyororo huu polepole. Juni 25, 2006 wapiganaji walitoka kwenye handaki chini ya uzio karibu na Kerem Shalom wakamchukua askari Gilad Shalit. Mwaka 2011 Israel ikamkomboa kwa kuwaachia wafungwa 1,027. Mmoja wao alikuwa Yahya Sinwar, aliyekaa gerezani zaidi ya miaka 20, akajifunza Kiebrania humo na kusoma magazeti yao. Huyo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa Hamas ndani ya Gaza na kupanga Oktoba 7. Tazameni nani alikuwa anamjua nani: mmoja amesoma lugha ya adui wake miaka na miaka, mwingine anamtazama kwa kamera.

Vita ya 2014 ilionyesha mahandaki ni mengi kuliko walivyodhani. Wakajenga kizuizi cha chini ya ardhi, zege na vihisi, kilomita 65, gharama shekeli bilioni 3.5. Desemba 2021 waziri wa ulinzi Benny Gantz akatangaza kimekamilika. Na kusema ukweli kilifanya kazi. Oktoba 7 hawakuja kwa handaki.

Walikuja juu. Asubuhi ile roketi zilimiminwa kwa maelfu ili kila askari ajifiche. Droni ndogo, zile za kununua dukani, zikadondosha vilipuzi kwenye minara ya mawasiliano na kwenye zile bunduki za rimoti. Ndani ya dakika chache chumba cha kuangalizia kikawa kipofu. Kisha baruti kwenye seng'enge, tingatinga likapanua tundu, pikipiki zikapita. Wengine walipaa kwa miamvuli yenye injini. Uzio ulitobolewa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na mfumo uliojengwa kutoa taarifa ya tundu moja haukujua uanzie wapi.

Kinachouma zaidi ni mabinti wa kambi ya Nahal Oz mpakani, wale askari wa kuangalia skrini. Kwa miezi walikuwa wanaripoti: wanafanya mazoezi ya kuvamia karibu na uzio, wanachimba, kuna watu wapya. Wakubwa hawakuwasikiliza. Wengi wao waliuawa siku ile kambini, saba wakachukuliwa mateka. Kamera iliona na mtu aliona. Ila juu yao palikuwa na imani kwamba Gaza imefungwa, Hamas inataka utulivu, vibarua kama 18,000 wana vibali, mambo yanasimamiwa. Vikosi vingi vilikuwa Ukingo wa Magharibi, kwenye uzio unaovuja, kwa sababu huko kila mtu alijua kunavuja.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na narudia nisieleweke vibaya. Kizuizi kinachovuja kinamlazimisha anayekilinda kuendelea kushughulika na mtu wa upande wa pili, kwa ubaya au kwa uzuri: kumsaka, kumwajiri, kumpeleleza, kushirikiana na polisi wake. Kizuizi kinachoonekana kamili kinamruhusu aache. Serikali za Israel zilikaa miaka na miaka bila kulazimika kujibu Gaza iwe nini, na mpiga kura wa Tel Aviv hakuwauliza. Haya hayapunguzi hata chembe ya uhalifu wa waliovamia na kuua watu majumbani mwao.

---

Msafiri wa Moshi

Tusisahau na vijana wetu wawili wa Tanzania waliokuwa huko kwenye mafunzo ya kilimo. Nao waliuawa siku ile. Mmoja mwili wake ulibaki Gaza miaka miwili. Walikwenda kujifunza tu.

---

Baba Naima

Mungu awarehemu. Na awarehemu maelfu kwa maelfu ya Wapalestina waliouawa Gaza baada ya hapo, ambao uzio ule ule uliwafungia ndani wasiwe na pa kukimbilia. Mwaka 2018 watu wa Gaza waliuendea uzio kwa miguu, maandamano ya kila Ijumaa kuanzia Machi 30, wengi bila silaha. Waliuawa zaidi ya 200, wengine maelfu wakavunjwa miguu kwa risasi. Mchora Ramani hilo umeliruka. Waliojaribu kuugusa uzio mchana kweupe walipata nini?

---

Mchora Ramani

Sikuliruka kwa kulidharau, Baba Naima, na limekaa mahali pake sasa. Nitaongeza kwamba ndani ya Gaza somo lililobaki baada ya 2018 liliwanufaisha wenye silaha. Bil'in waliandamana, wakaenda mahakamani, uzio ukasogezwa. Gaza hapakuwa na jaji wa kupima njia, kwa sababu njia haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa ni kufungwa kwenyewe, na hilo halikuwa na mlango wa kubisha hodi.

---

Kaza Buti

Sawa, tuseme nimewaelewa. Mnataka wabomoe? Baada ya Oktoba 7? Hakuna Mwisraeli mmoja atakayekubali.

---

Mchora Ramani

Hakuna, na sijasema wabomoe. Wanaongeza. Mwaka 2025 baraza lao la usalama limeidhinisha kizuizi kipya upande wa Jordan. Ukingo wa Magharibi vibali vya vibarua zaidi ya 100,000 vilisimamishwa baada ya Oktoba 7, wengi wakabaki nyumbani bila mshahara, na wanaojaribu kuruka ukuta wanapigwa risasi za miguu. Yaani lile tundu lililokuwa sera wanajaribu kuliziba bila kuweka kitu mahali pake.

Gaza kumezaliwa mstari mwingine. Tangu makubaliano ya Oktoba 2025 kuna kinachoitwa mstari wa njano, matofali makubwa ya zege yaliyopakwa rangi, jeshi likiwa limeshika zaidi ya nusu ya eneo upande wake. Kwenye karatasi ni wa muda. Ule wa 1949 nao kwenye karatasi ulikuwa wa muda, mkataba wenyewe uliandika hivyo.

Mwana Mvita, wewe wa sheria: mstari wa kusitisha mapigano ukikaa miaka mitano watu wakajenga pembeni yake, nani anaweza kuupeleka mahakamani, na mahakama ipi? Hilo ndilo ningependa ulijibu, maana Beit Sourik walikuwa na Barak na hawa sioni wana nani.

---

Mwana Mvita

Nipe mpaka kesho jioni nipitie maoni ya The Hague ya Julai 2024, yale yaliyosema ukaliaji wenyewe si halali. Nadhani mlango upo humo, ila ni wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, si wa mwanakijiji.